Mashoto na Nyuzi Zilizogeuzwa

Ndugu, jamaa, majirani na mliofanya kazi na marehemu, mlioacha shughuli zenu mkaja, kaeni vizuri, kwa maana historia hii ni ndefu kuliko ile iliyopitishwa na kikao cha familia juzi, ile ilikuwa safi kama shuka lililotoka kupigwa pasi na hii ina madoa yake, imeandikwa na bibi yake mzaa mama kwa mkono wake mwenyewe, mkono ulioishia darasa la tatu, na anayeisoma ni binamu yake marehemu, ambaye ameapishwa asiruke mstari hata mmoja, akiona aibu aendelee tu, aibu si yake.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, saa kumi na mbili asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba ya vyumba sita nyuma ya karakana ya viti, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa mama yake, mkunga akafika mtoto ameshalia na chai imeshachemka, akakaa akanywa chai. Baba yake alionekana siku ya kumpa mtoto jina, baada ya hapo akawa mtu wa kusimuliwa, na mama yake alipofuata kazi mbali mwaka 1986 zilikuja barua mbili, ya kwanza ndefu na ya pili fupi, basi mtoto akabaki kwa bibi yake, ambaye hakuombwa na wala hakukataa.

Mtoto huyo alikuwa wa mkono wa kushoto katika kila jambo, kijiko kushoto, jiwe kushoto, hata kofi alimpiga mwenzake kwa kushoto, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mashoto mpaka walimu wakasahau jina lake la daftarini. Bibi yake hakulipenda jambo hilo, aliona mtu akimpa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto ni kama amemtemea, basi kuanzia Januari 1989 akawa anaufunga ule mkono kiunoni kwa kitambaa kila wakati wa kula na kila wakati wa kuandika, mtoto akalia wiki tatu, wiki ya nne akala kwa kulia, na alipoanza shule ya msingi tarehe 15 Januari 1990 aliandika kwa kulia kama watu wengine, mwandiko mbaya lakini wa kulia. Bibi alijisifu sana kwa kitambaa kile, aliwaambia majirani kwamba mkono ni kama mbuzi, ukiuvuta utafuata, na msikilizaji aliweke neno hilo akilini, kwa sababu ndilo lililoleta yote yanayofuata.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1996 na sekondari mwaka 2000, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa wa katikati kama kitovu. Kilichomtoa katikati kilitokea Jumamosi moja ya Juni 1998, alipotumwa na bibi yake kupeleka saa ya ukutani kwa Fundi Saa, aliyekuwa na meza yake kwenye baraza ya posta, akaondoka saa tatu asubuhi akarudi jua linazama, mikono mitupu, saa kaisahau hukohuko, kwa sababu Fundi Saa alikuwa na gitaa chini ya meza na alikuwa akilipiga kila alipomaliza kazi ya mteja. Bibi alimuuliza kama alitumwa saa au alitumwa wimbo, kijana akajibu kwamba Bibi, kile kitu kinaongea, bibi akamwambia hata redio inaongea na haijamchelewesha mtu chakula, lakini maneno hayo yalimwingia sikio la huku yakatokea la kule. Saa ya bibi ilipona siku ileile, yeye hakupona tena.

Akawa mtu wa baraza ya posta kila Jumamosi, na hapo ikaonekana shida, kwa sababu gitaa la kawaida hupigwa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukibana nyuzi shingoni, na Mashoto akipewa tu hilo gitaa alilipindua, mkono wa kushoto ukakimbilia kupiga wenyewe bila kuitwa, nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu, kila kitu kichwa chini miguu juu. Wateja walicheka, mmoja akauliza kama kijana anapiga gitaa au anakamua ng'ombe. Fundi Saa hakucheka, wala hakutafuta kitambaa, alikaa mbele ya kijana uso kwa uso ili kijana amwige kama mtu anavyojiiga kwenye kioo, na mwaka 2001 alipopata gitaa bovu lililotupwa na shule fulani, aliliunganisha kwa gundi, akazipanga nyuzi zote sita kinyume, akachonga upya kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi kwa tupa zake ndogo za kurekebishia saa, kazi ya wiki mbili, akampa Mashoto akamwambia kwamba hili ni la mkono wako, mwingine akilishika litamkataa. Vidole vya kijana vilitoka damu, vikaota sugu, na sauti iliyoanza kama mlango usiotiwa mafuta ikawa sauti ambayo wapita njia walisimama kuisikiliza. Bibi naye alisimama kuisikiliza mara mbili, akiwa nyuma ya nguzo ya posta, na nyumbani hakumwambia, aliogopa atampandisha kichwa.

Tarehe 3 Septemba 2003 marehemu aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akiwa wa mashine ya tatu, mashuka na mapazia, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa, na mkuu wa chumba kile, ambaye yupo hapa, anasema katika miaka ishirini hakupoteza hata foronya.

Sasa tufike Jumamosi tarehe 20 Agosti 2005, siku ya harusi ya binti wa mjomba wake, ambapo Mashoto aliombwa apige wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, mara yake ya kwanza mbele ya watu mia tatu, alifanya mazoezi miezi miwili, alishona shati. Siku chache kabla, shangazi wa bwana harusi alifika kwa bibi kwa mambo ya sare, akasikia habari ya gitaa, akacheka kwa pua, akasema kwamba kumbe mtatuingizia mtoto wetu kwa mkono wa kushoto, nyie mnatupokea au mnatufukuza. Neno hilo lilimchoma bibi kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Hakulala nalo, alikaa nalo mchana na jioni, na Ijumaa, Mashoto akiwa kazini, akalichukua gitaa, akalifunga kwenye kanga, akalipeleka kwa mpiga gitaa wa baa iliyo karibu na kituo cha mafuta, akamwomba azirudishe nyuzi zikae kama za watu, kijana wa baa akamuuliza kama mwenyewe anajua, bibi akasema mwenyewe ndiye aliyemtuma. Ilichukua robo saa. Mnaojua muziki mnaguna, bibi hakujua, yeye alijua kitambaa, alidhani mjukuu akikuta nyuzi zimekaa kikuliakulia basi mkono wa kulia utafuata kama ulivyofuata kijiko, angekosea kidogo mwanzoni kisha angezoea palepale jukwaani, na shangazi wa watu angefunga mdomo.

Gitaa lilifika ukumbini mikononi mwa bibi, kwenye mfuko wake limefungwa, kwa kuwa Mashoto alikesha kazini akaja moja kwa moja kutoka huko, Mashoto akalipokea maharusi wakiwa mlangoni, akaketi, akapiga mara ya kwanza, ikatoka sauti ya sufuria zinazoanguka. Akapiga tena. Mshereheshaji akasema mpiga gitaa wetu bado anakaza skrubu, watu wakacheka, maharusi wamesimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, Mashoto akaziangalia nyuzi, akamwangalia kila mtu, na bibi aliyekuwa safu ya kwanza akainua mkono wake wa kulia akautikisa, akimaanisha tumia huu, huu, naye mjukuu akaona mkono wa bibi unamwambia shuka, akashuka. Maharusi waliingia kwa redio.

Jioni ile aliuliza nyumbani nani aligusa gitaa langu, na hapa ndipo penye lile doa kubwa. Bibi angeweza kusema. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, na mmoja alikuwa mtoto aliyemlea mwenyewe, lakini bibi akajibu kwamba kwani mimi ni fundi, na kama hiyo haikutosha akaongeza, muulize aliyelishika Alhamisi. Alhamisi gitaa lilikuwa limepelekwa kwa Fundi Saa kukazwa ufunguo mmoja, kile kijiti cha kuvutia uzi, na Fundi Saa alikuwa ametamani wapige wawili harusini, Mashoto akapenda apige peke yake, basi mambo yakajipanga yenyewe kama ushahidi. Jumatatu kijana alikwenda kwenye baraza ya posta, mbele ya wateja wanne, akamwita yule mzee mwenye kijicho, akamwambia umenitengeneza ili univunje. Fundi Saa alisema mimi nilikaza ufunguo tu, mwanangu, alisema mara moja, hakurudia. Maneno ya mitaani yana miguu, ikasemwa kwamba fundi yule huharibu vya watu, saa za watu zikawa haziji, na mwaka 2007 akahamisha meza yake nyuma ya soko la viatu, mahali ambapo mtu hapiti ila amepotea. Bibi alisikia yote hayo. Saa yake ya ukutani iliposimama aliiacha isimame, akawaambia wageni kwamba anapenda ukimya.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 2010 na mke wake huyu mnayemwona, aliyekuwa mhudumu wa mapokezi hospitali ileile, wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2012 na wa kiume tarehe 27 Oktoba 2016, wote wawili hawataki gitaa, wa kike anataka mbio na wa kiume anataka kulala. Gitaa lilikaa juu ya kabati miaka tisa. Mwaka 2014 Mashoto alilishusha, akazirudisha nyuzi mwenyewe, akawa analipigia kule chumba cha kufulia, mashine zote zikiunguruma ili asisikike, wenzake wakawa wanataniana kwamba washa ya tatu, bwana, Mashoto anaona haya, na wanasema mashine zilipozimika ghafla kwa kukatika umeme waliwahi kumsikia kwa dakika nzima, wamesimama na mashuka mikononi. Mbele ya watu hakupiga tena mpaka kufa. Mke wake anasema hata nyumbani aliwapa mgongo.

Februari 2023 alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua ni figo, akatibiwa kwa mwaka na zaidi, akilala kwenye mashuka aliyoyafua mwenyewe na kuyakosoa. Alhamisi tarehe 9 Mei 2024 alimwambia bibi yake kwamba Bibi, naomba uniitie Fundi Saa, hata kama aliharibu, mimi sikupaswa kumtukana mtu mzima mbele ya wateja, nataka nimwombe radhi. Bibi akasema kesho. Ijumaa akasema kesho. Jumatatu alikwenda kweli, akafika mpaka kwenye ile meza nyuma ya soko la viatu, na mzee akainua kichwa akauliza karibu mama, je, saa imesimama, bibi akajibu kwamba hapana baba, napita tu, akapita. Alijua kwamba wale wawili wakikaa uso kwa uso kama walivyokuwa wakikaa barazani, nusu saa haiishi kabla hawajamtafuta wa tatu. Jumatano mgonjwa aliuliza kama yule mzee bado yuko hai, bibi akasema hajui. Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, marehemu alifariki dunia akiwa na miaka arobaini na moja, miezi miwili na siku mbili, akiamini alichoaminishwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, wakaliacha hapo, hawakusema mjukuu akitangulia kuzikwa majuto yabaki na nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliofanya walichoweza bila kutudanganya, majirani wa nyumba ya vyumba sita kwa maji, viti na kulea watoto siku hizi nne, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia waliozima mashine zao leo kwa saa tatu ili waje. Inamshukuru pia Fundi Saa, ambaye hakualikwa na mtu, amekuja kwa miguu na ameketi safu ya mwisho karibu na geti, na mbele yenu wote, na mbele ya mke wa marehemu anayeyasikia haya sasa hivi kama ninyi, bibi anasema kwamba mzee huyu hakugusa nyuzi zile, alikaza ufunguo tu kama alivyosema, aliyezigeuza ni yeye bibi, na aliyenyamaza miaka kumi na tisa kasoro miezi mitatu ni yeye vilevile. Haombi kusamehewa leo, leo si siku yake. Anaomba wale wote waliopeleka maneno mtaani wayarudishe kwa miguu ileile, na mzee akitaka kuondoka sasa msimzuie, na akitaka kusogea mbele, mwachieni nafasi kwenye safu ya familia, ile aliyoachiwa bibi.

Mashoto, radhi uliyotaka kumwomba mzee wako imemfikia, imefika kwa mdomo usiostahili kuibeba, na imefika wewe husikii. Pumzika kwa amani, mwanangu, wewe ambaye hukukosea.