Shoka Lisilo na Ukurasa

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Eschenried; Mwenyekiti wa chama chetu, Mama Irmtraud Kestler; Mwalimu Gernot Aumüller, ambaye leo tunamuaga; wazazi, wanachama wenzangu, na wageni wote mliovumilia mabenchi haya magumu:

Naitwa Svenja Dörfler. Nimemaliza shule mwezi wa sita.

Chama chetu hufundisha mchezo wa upanga kama mabingwa wa kale walivyouandika vitabuni. Kila pigo lina ukurasa wake. Lakini shoka la mkono mmoja? Rungu la chuma? Katika vitabu vyetu yamechorwa tu mikononi mwa watu, bila somo. Miaka tisa iliyopita Mwalimu Aumüller alichukua mafunzo ya kisu kirefu, aina ya upanga mfupi, akaweka shoka mahali pa kisu, akaanza kujaribu pigo moja moja, kila Alhamisi.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Upanga ukikosa, unarudi kwa makali ya nyuma. Mwalimu na wanafunzi wake wa kwanza wakarudisha shoka vilevile, na shoka halina makali ya nyuma, wakawa wanapapasana tu kwa visogo vya mashoka. Miezi saba! Halafu siku moja Mwalimu akaganda katikati ya pigo, akaitazama ile pembe ya chini ya shoka, akapiga kelele: "Jamani, hiki si kisu kibovu. Hii ni ndoano!"

Tangu hapo, pale upanga unaporudi kukata, shoka letu hurudi kuvuta. Na kuhusu rungu alituambia: "Usiulize makali yako wapi. Uliza uzito unakwenda wapi, uufuate." Nilikuja nikiwa na miaka kumi na minne, nikamwona akilizungusha polepole, na nilidhani chuma kinamwongoza mtu. Nilisahau kuvua koti.

Hapa kwetu aliyepigwa ndiye anayetangaza. Aliyepiga hufunga mdomo. Mimi nilipigwa kuliko wote, na sauti haikutoka.

"Svenja, mwanangu," Mwalimu alikuwa akisema, "hata buibui wa darini hajakusikia. Tena!"

"Nimeguswa," nilinong'ona.

"Buibui amelala."

Mwezi wa tatu Mwalimu alipotangaza kustaafu, Mama Mwenyekiti alitaka saa ya Alhamisi irudi kwenye upanga. Mama, uniwie radhi, nakumbuka maneno yako: "Gernot, hiyo ni kazi ya kupasua kuni. Nionyeshe ukurasa."

"Ukurasa haupo, Irmtraud. Njoo Alhamisi."

Mkakubaliana: mapambano matano, wewe kwa upanga na ngao ndogo, mimi kwa shoka. Nikikugusa hata mara moja, Alhamisi inabaki. Nani katika ukumbi huu hajui upanga wa Mama Kestler? Mara nne nilisema nimeguswa. Mara ya tano shoka langu likapita hewani, likakosa, nikalirudisha kama ndoano, likaishika ngao yako, ikashuka, na ncha ya shoka ikagusa bega lako. Kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi mlangoni kwa jirani mgonjwa.

Waamuzi, ambao huinua bendera wakiona pigo, walikuwa upande wa pili. Hakuna bendera iliyopanda. Miaka tisa ya Mwalimu ilikuwa kwenye bega lako, Mama, na ni watu wawili tu tuliojua, na mmoja wetu hakuruhusiwa kusema.

Ukavua kinyago cha kukinga uso. Ukasema kwa sauti iliyotikisa vioo: "NIMEGUSWA!" Kisha ukamgeukia Mwalimu: "Kumbe kuni zinapasuka vizuri, mzee wee."

Nimesoma shule miaka kumi na miwili. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho.

Mwalimu, unatuachia madaftari kumi na moja ya mapigo ya shoka na rungu, yenye madoa ya kahawa. Sasa ukurasa upo. Wiki iliyopita uliniuliza nani atafundisha Alhamisi, nikajibu, nawe ukasema buibui hajasikia. Basi najibu tena, mbele ya Meya, mbele ya mama yangu anayelia pale nyuma:

MIMI NITAFUNDISHA!

Nadhani buibui amesikia. Nakushukuru, Mwalimu. Na ninyi nyote, asanteni kwa kukaa kimya mpaka sauti yangu ikatoka.