Mwalimu Hiram na Ule Wimbo wa Ng'ombe

Mwalimu Hiram Wakhungu alikuja hii shule yetu ya barabara ya Endebess Januari 1969 na kinanda moja na suruali mbili. Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1996, anastaafu, anaenda nyumbani kwake Kibabii. Hiyo ni karibu miaka ishirini na nane, na sisi wa jikoni tumeiona yote, kwa hivyo tulikataa walimu watuandikie hotuba ya kumuaga. Shule hatukusoma sana lakini maneno tunayo.

Alifundisha muziki na dini. Alifundisha watoto mpaka akafundisha watoto wa hao watoto. Mguu wake wa kushoto haijui kutulia, hata kwa matanga iko hapo inapiga chini, na bibi yake Mama Lenah anaikanyaga.

Lakini ile kitu watu huongea pole pole, sisi tutaongea kwa nguvu. 1987 mwenyekiti wa bodi, Bwana Kiplangat, aliandika mchezo wa kuimba wa kupeleka mashindano Bungoma. Hadithi ilikuwa tamu, tusimnyime. Baba anauza ndama, ng'ombe anakataa kutoa maziwa, nyumba inalala njaa, na msichana wao Cheptoo ndiye anajaribu kumbembeleza huyo ng'ombe. Shida ilikuwa nyimbo. Zilikuwa kumi na moja, zote kama karani anasoma minitsi alizoandika za mkutano. Baba akifungua mlango, wimbo. Akifunga, wimbo. Siku wazazi waliitwa kuona, wimbo wa tatu haijaisha, akina mama walikuwa wametoa vitambaa wanashona, na mzee mmoja akauliza ati mchezo inaanza saa ngapi.

Hedimasta akalaumu watoto. Mwalimu Hiram akasimama, mwenyekiti akiwa hapo hapo, akasema watoto hawana makosa. Mtu huimba wakati maneno imekuwa ndogo kuliko kile kiko ndani yake, na hizi nyimbo zinaingia kabla roho ya mtu yeyote haijajaa. Tena hazina pahali mtu ameketi kwa benchi anaweza kuitikia, sasa atafanya nini kama si kushona? Bwana Kiplangat akamwambia ziimbwe vile ziliandikwa, ama asahau kupandishwa cheo.

Asubuhi yake Mwalimu akaja jikoni, akakaa kwa gunia, akatuimbia zote tukitoa mawe kwa maharagwe. Alikuwa anapima nyimbo hivyo siku zote: kama saa ya chakula hakuna mpishi anaiimba chini chini, anaitupa. Saa ya chakula akarudi. Hatukukumbuka hata moja. Chesang, yule wetu wa kusonga ugali, akamcheka, ati kwa hiyo kelele hata ng'ombe ya mama yake ingeficha maziwa. Mwalimu hakukasirika. Alimwuliza, na mama yako alikuwa anaimba aje? Chesang akatuonyesha vile mama yake alibembeleza ng'ombe amepoteza ndama: mkono kwa tumbo, anaita jina yake pole pole, ananyamaza, anaita tena.

Bungoma, zile kumi na moja Mwalimu alikuwa ametoa zote, watoto waliongea tu mpaka karibu mwisho. Halafu Cheptoo akaweka mkono kwa tumbo ya ng'ombe, akaita, akanyamaza. Mama mmoja huko nyuma akaitikia. Akaita tena, ukumbi wote ukaitikia. Ng'ombe alikuwa wasichana wawili chini ya blanketi, na blanketi ilianza kutikisika kwa sababu hata ng'ombe alikuwa analia.

Zawadi tulinyimwa, ati mchezo wa kuimba haiwezi kuwa na wimbo moja. Mwalimu akapewa barua ya onyo, na cheo alikuwa nayo siku hiyo ndio anaenda nayo nyumbani. Kila mwaka bodi ilimwambia aombe msamaha. Alijibu ataomba siku mtu atamwimbia hata moja ya zile kumi na moja bila karatasi. Mpaka leo hakuna, hata mwenye kuziandika.

Sasa tumeona kwa programu ya sherehe, namba sita, kwaya itaimba wimbo ya kuaga, ya Bwana Kiplangat. Waimbe, karatasi wanayo. Lakini sufuria ziko kwetu, na chakula haitoki jikoni mpaka Chesang aite ile ya ng'ombe. Mahali pa kuitikia mnapajua, hata wewe Bwana Mwenyekiti. Tulikusikia bana, ukiiimba chini chini ukingoja chai kwa dirisha ya jikoni.

Mwalimu, asante. Enda salama na Mama Lenah, akuache upige mguu vile unataka, na ng'ombe wenu wasiwahi kukataa kuwapatia maziwa.