Mnazi wa Bi Shifa: Maisha ya Bwana Dawud bin Hashim wa Mkomani, 1951–2025

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Jamaa na majirani mliofika hitmani leo, na nyinyi mama zetu mlioko ndani pamoja na mjane, haya ni machache katika maisha ya Bwana Dawud bin Hashim, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dawud wa Posta.

Alizaliwa hapa Mkomani tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Bwana Hashim, fundi wa kuchonga milango, na Bi Hadia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba ukimtuma Dawud dukani kununua sukari, maji ya chai yatakauka jikoni, kwa sababu alikuwa hatoki dukani mpaka aambiwe sukari ile imetoka nti gani na nani ameileta.

Alihitimu Kurani chuoni akiwa na miaka tisa. Shule ya msingi aliimaliza hapa Amu mwaka 1966, akapata nafasi ya sekondari Mombasa, lakini mwezi wa pili tu baba yake akafariki, na Dawud akarudi nyumbani na sanduku lake. Hakulilalamikia hilo. Ila kila gazeti lililoingia kisiwani, hata la juzi, alilisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwaka 1971 aliajiriwa Posta, akafanya kazi dirishani miaka thelathini na mitano. Tarehe 5 Mei 1978 alimuoa Bi Shifa binti Nur. Mahari yalikuwa bangili nne za dhahabu, na wanawake wa mtaa huu wanakumbuka kuwa Bi Shifa akikuna nazi, bangili hizo zilisikika mpaka nyumba ya tatu.

Pale dirishani ndipo alipopata jambo lililomshika maisha yake yote. Kila mwaka, mwezi wa sita, alikuja mjane mmoja, Bi Umulkheir, kuchukua bahasha kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na hundi ya gawio, yaani ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa zake. Mumewe alinunua hisa hizo zamani, kisha akafa. Bi Umulkheir aliipokea bahasha kwa mikono miwili na kusema, bila kucheka, "Bwana wangu ametuma." Dawud aliyasikia maneno hayo miaka kumi na tisa. Alipostaafu mwaka 2006 alimwambia mkewe kuwa yeye amemzidi umri, huenda akatangulia, na hataki amuache akiangalia mikono ya watoto. Naye alitaka kutuma.

Fedha za kuanzia hazikuwepo. Bi Shifa alizivua bangili zote nne, akamwekea mezani, akaenda zake jikoni. Kwa kuwa zilinunuliwa kwa bei ya bangili hizo, hisa ziliandikwa kwa jina la Bi Shifa tangu siku ya kwanza. Dawud alisema, "Huu ni mnazi wako. Tutakula nazi, mti hatuugusi."

Jamaa, hapo mwanzo alikosea, na yeye mwenyewe angetaka lisemwe. Alipitia magazeti akaona kampuni moja ya mashamba ambayo gawio lake lilizidi la wengine wote, na hisa zake zilikuwa rahisi. Hakuuliza kwa nini ni rahisi. Akatia humo zaidi ya nusu ya dhahabu ya mkewe. Gawio la kwanza lilikuja nono, wakala biriani. Mwaka uliofuata hakikuja kitu, na bei ya hisa ikaanguka. Kariuki, dalali wa hisa aliyekuwa akimnunulia kule Nairobi, alimweleza kwenye simu kwamba kampuni ile haikuwa na faida. Ilikuwa ikiuza ardhi yake na kuwagawia watu bei ya ardhi.

Alikaa siku tatu bila kumwambia mkewe. Siku ya nne alimwambia. Bi Shifa, binti wa mwenye shamba, alisema, "Bwana, wale walitulisha kichilema." Mnakijua kichilema: ule moyo mweupe wa mnazi, mtamu kuliko nazi yenyewe, na huupati mpaka mti uangushwe. Hakumtajia tena bangili, siku hiyo wala baadaye. Dawud alikuwa akisema heri angemkaripia.

Kwa kile kilichosalia alianza upya, polepole. Akikaa dakani, kwenye baraza ya mlango hapo nje, na magazeti yake, rafiki yake Bwanamkuu alimtania: "Wewe, Dawud, watafuta hisa au wamtafutia binti yako mume?"

"Yote mamoja," alijibu. "Kwanza huulizwa, ala nini? Pili, ahadi yake ameitimiza miaka mingapi, pamoja na miaka ya ndaa? Tatu, akishawapa wageni, kwake hubaki chakula, au hulala na ndaa ili asifiwe?"

Kwa swali la kwanza alizikataa kampuni za riba na za pombe, hata zilipolipa vizuri. Kwa la pili aliziacha zilizolipa sana mwaka mmoja na kukosa mwaka wa pili. Kwa la tatu alizikimbia zilizogawa faida yote bila kubakisha ya kuendeshea kazi. Zilizobaki zilikuwa chache, na gawio lake la kawaida tu. Lakini kila lilipoingia alitoa sadaka kidogo kwanza, akala sehemu, na sehemu akaongezea hisa. Waliokuja kumuuliza aliwaambia neno moja: "Ndia fupi isiyopitwa na watu, uliza kuna nini." Mnazi ukasimama. Kufikia mwaka 2022 gawio lilitosha chakula cha nyumba hii na umeme.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa, ikabidi asafishwe damu Mombasa. Akiba iliisha kufikia Julai. Binti yake Ruwaida alipotaja hisa, mzee alikataa kabisa. Alimwambia mkewe, "Shifa, huo mnazi ni wako. Usiukate kwa ajili yangu."

Bi Shifa akamuuliza, "Ni wangu?"

"Ni wako."

"Basi nitaukata nitakavyo."

Siku hiyohiyo alimpigia Kariuki, akauza nusu. Bwana Dawud alilia, na wanawe walikuwa hawajapata kumuona akilia. Nusu hiyo ilimpa miezi kumi na mmoja: Ramadhani moja zaidi, na Idi mbili pamoja na wajukuu. Ila kila mara aliuliza kama nusu iliyobaki itatosha.

Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na minne, akazikwa siku hiyo baada ya sala ya adhuhuri.

Amemwacha mjane, Bi Shifa, aliye edani, watoto wawili, Ruwaida na Yasir, wajukuu watano, na dada yake, Bi Barka.

Jana asubuhi simu ya Bi Shifa ililia. Ruwaida aliusoma ujumbe: gawio la mwaka huu limeingia, nusu ya lile la mwaka jana. Bi Shifa aliomba asomewe tena. Kisha akasema, "Bwana wangu ametuma. Toeni sadaka yake kwanza, kisha wapikieni watu kahawa."

Ndiyo hiyo mliyonayo mikononi. Mola amsamehe, ampanulie kaburi lake, na ampumzishe na ile hofu ya kwamba haikutosha. Amin.