Edina Chafulumira, Aliyefundisha Nchi Tatu Kuuliza Kabla ya Kutangaza

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya dada yetu kama tunavyoyajua sisi tuliokua naye. Yale tusiyoyajua tumeyaacha, kwa sababu angetukasirikia.

Marehemu Edina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Kalindiza, Mtakataka, wilaya ya Dedza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lufeyo Mtalimanja na Mama Dorika. Baada yake alizaliwa Malita, kisha Fanuel, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

Alianza shule ya misheni mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Masista walimpenda kwa sauti yake. Aliposoma neno kanisani, hata waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa.

Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya redio mjini Blantyre, mwezi Machi 1977. Alisoma matangazo ya vifo saa saba mchana, na nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza, maana kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliye mbali.

Mwaka 1983 alisoma tangazo la kifo cha Sikelo Nthenda, kibarua wa mashamba ya tumbaku kule Kasungu. Barua ya tangazo hilo ilikuwa imeletwa na mtu aliyegombana na Sikelo, na hakuna aliyeuliza. Mama yake Sikelo alikuwa Ntcheu. Alisikia, akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta gari, akaanguka njiani. Hakuamka tena. Wiki mbili baadaye Sikelo mwenyewe aliingia pale redioni, viatu mkononi.

"Mama, ni wewe uliyesoma kwamba nimekufa?"

"Ni mimi."

"Basi leo soma kwamba mama yangu amekufa. Hii ni ya kweli, nimemzika mwenyewe."

Edina alilisoma. Tangu siku hiyo hakupokea tangazo bila kumhoji aliyelileta: umemwona maiti wewe, au umeambiwa? Nani mwingine alikuwepo? Wenzake walimtania, "Edina, wewe hata Lazaro ungemdai cheti." Hakucheka.

Tarehe 28 Julai 1979 alikuwa amefunga ndoa na Bwana Grey Chafulumira, fundi redio wa Limbe. Kwa lugha yetu jina Chafulumira ni la jambo lililokuja haraka, na sidhani kama kuna aliyewahi kuolewa na jina lisilomfaa kiasi kile. Bwana Grey alikuwa akisema, "Mimi natengeneza redio, mke wangu anatengeneza wanaosemea ndani." Walijaliwa watoto wawili, Tiyanjane na Geralde. Bwana Grey alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 2003 aliacha kutangaza, akaanza kufundisha waandishi wa redio ndogo za Malawi, mashariki ya Zambia na Tete kule Msumbiji. Alisema lugha yetu haina mpaka, na uongo unaosemwa Chipata asubuhi unalala Dedza. Alifundisha watu mia nne na zaidi. Wanasimulia siku aliyowaambia, wakati wa chai, kwamba mama anayewapikia amejifungua mapacha. Kufikia chakula cha mchana walikuwa wamechanga pesa za kanga, na mmoja alikuwa ameshatoa pongezi hewani. Edina akamwita mpishi atoke jikoni. Mama huyo alikuwa na miaka sitini na mitatu.

"Mapacha wangu wako wapi?" mpishi akauliza. "Na hizo kanga mnipe hata hivyo!"

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka. Siwezi.

Mwezi Januari 2023 kipindupindu kilifika Kalindiza. Watu wa afya walikuja kutia klorini kwenye ndoo pale bombani. Mimi, Fanuel, mzee wa kanisa, nilikuwa na sauti niliyotumiwa kwenye simu yangu. Mtu aliyejiita daktari alisema kwamba dawa ile ndiyo inayoleta ugonjwa. Niliifungua mbele ya watu, sauti juu. Wengi mliokaa hapa mlikuwepo. Tuliwafukuza wale vijana kwa mawe. Malita alicheka, akasema, "Afadhali! Tungenuka kama hospitali."

Jumatano ya tarehe 11, Edina alinipigia kutoka Tete. Alikuwa ameshasikia.

"Fanuel, huyo daktari ni nani?"

"Watu wote wanajua, dada."

"Nitajie mmoja."

"Wewe umezoea kutufanya watoto."

"Waite wale vijana warudi, mdogo wangu, nakusihi. Ijumaa namaliza mafunzo, Jumamosi niko nyumbani."

Sikuwaita. Alhamisi Malita alianza kuharisha. Alfajiri ya Jumamosi tulimpoteza. Edina alifika saa sita mchana na mkoba wake begani, akakuta ndugu yake ameshafungwa kwenye plastiki, na haruhusiwi kumgusa.

Hakunifokea. Aliomba simu, akaisikiliza ile sauti mara mbili, kichwa kimeinama.

"Hakutaja jina," akasema.

"Hakutaja."

"Nimefundisha Chipata. Nimefundisha Tete. Kwetu sikufundisha hata siku moja. Na ningeweza kuja Jumatano."

Tiyanjane anasema mama yake aliirudia hiyo Jumatano hadi mwisho: kwamba waandishi kumi na wanane wangeweza kumsubiri. Mwaka ule alikaa nasi miezi mitano, akifundisha pale kanisani kila Jumapili mchana, wazee kwa vijana, jinsi ya kuiuliza simu. Nilikaa benchi la mbele. Habari ya Malita hatukuizungumza, na mimi niliogopa kuianza.

Tarehe 19 Februari mwaka huu wa 2025, akiwa kazini Chipata, alipatwa na kiharusi. Aliletwa hospitali Lilongwe, upande wa kulia umekufa na sauti imekwenda. Sauti ile. Nilikaa kando ya kitanda chake siku ishirini. Siku moja, Geralde alipotoka kununua uji, nilimuuliza, "Dada, kwa ajili ya Malita, umenisamehe?" Alinitazama. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika vidole vyangu viwili, hakuviachia mpaka Geralde aliporudi.

Ningependa kuandika hapa kwamba alisema ndiyo. Sijui. Naandika nilichokiona: alinishika mkono.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi jioni. Mimi na Tiyanjane tulikuwepo.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, watoto watatu wa Malita aliowalipia shule, na mdogo wake mmoja. Ameacha pia wanafunzi wake, ambao wengine wamesafiri siku mbili na wamesimama pale nyuma kwa sababu viti havikutosha. Tuwapishe wakae.

Mungu amlaze Edina penye utulivu, na sisi atupe muda wa kutengeneza tuliyoyaharibu.