Bi Kipimo na Mkono wa Pili

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955. Samahani, ni 1956. Elfu moja mia tisa hamsini na tano ndio mwaka upepo ulipoling'oa paa la nyumba yetu, na mama alikuwa akisema kila mara kwamba mtoto huyu alizaliwa chini ya bati jipya. Basi ni 1956, siku ya Jumatatu asubuhi. Alikuwa mtoto wa tano na wa mwisho. Mimi ninayeandika ni kaka yake, nilimtangulia kwa miaka minne, nami ndiye niliyembeba mgongoni.

Alianza shule Januari 1963. Nyumbani kilikuwapo kitabu kimoja cha kusomea, akakisoma mpaka jalada likaachana na kurasa. Kilipokwisha alihamia kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Baba akimtuma dukani, tulijua atachelewa, maana lazima amalize habari kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, mjomba akanichukua nikajifunze useremala. Yeye aliendelea, akamaliza sekondari 1973, na chuo cha ualimu mwishoni mwa 1975.

Alifundisha madarasa ya chini kwa miaka kumi na tatu. Tarehe 3 Januari 1989 alihamishiwa maktaba ya manispaa, chumba cha watoto, akakaa humo hadi alipostaafu 2016. Rafu za chumba kile nilizitengeneza mimi. Alinisimamia kama mkaguzi: "Kaka, shusha hiyo. Mtoto wa miaka sita aifikie bila kupanda kiti." Nikashusha. "Shusha tena." Nikamwambia tukiendelea hivi tutapanga vitabu sakafuni.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na fundi saa, mtu mpole aliyefanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yao, akatangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Huyo wa kike ndiye nitakayemzungumzia kidogo, kwa ruhusa yake, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kwa nini mama yake alipendwa vile.

Mwaka 1996 marehemu alipelekwa semina ya wiki mbili. Akarudi na majedwali na tepu za rangi. Nilivyoelewa mimi, kila kitabu kilipewa namba kulingana na urefu wa sentensi na ugumu wa maneno. Mtoto naye alipimwa, akapewa namba yake, halafu namba ikatafuta namba mwenzake. Kijani ilikuwa ya wadogo, njano na bluu za kati, nyekundu ya wakubwa. Watoto wakambandika jina la Bi Kipimo, naye akalipenda.

Binti yake wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alipopimwa, namba yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na tano. Furaha ya mama haikuwa na kifani, alikuja kuniambia mpaka karakana. Akampeleka moja kwa moja rafu nyekundu, akamchagulia kitabu kinene. Kilihusu baba mmoja aliyepotewa na akili polepole, mpaka siku moja hawatambui wanawe.

Binti alikimaliza kwa siku nne. Mama akamuuliza maswali kumi, akayajibu yote kumi. Tangu hapo hakugusa kitabu tena. Akitoka shule alikuwa anasimama mlangoni mwa chumba cha saa, anamtazama baba yake, anauliza, "Baba, leo unanijua?" Shemeji yangu alianza kwa kucheka. Siku ya tatu hakucheka.

Marehemu alinijia karakana mchana, akakaa juu ya ubao niliokuwa nimeupaka gundi. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

"Kaka, nimemuumiza mtoto."

"Umempiga?"

"Nimempa kitabu."

Mimi nikacheka. Yeye akalia. "Kipimo kilisema anaweza! Na kweli ameelewa kila neno."

Nilikuwa na futi mkononi, nikamwambia, "Mdogo wangu, futi hii inaniambia mlango una upana gani. Chumbani kuna nini, hiyo si kazi yake."

"Sasa nimpime kwa kitu gani?"

"Niliishia darasa la nne, halafu unaniuliza mimi?"

Akacheka huku analia, akainuka, sketi ikabaki imenata kwenye ubao.

Walimu wengi mnaijua njia ya vidole: mtoto afungue ukurasa, akunje kidole kwa kila neno asilolijua, vikifika vitano kitabu ni kigumu. Marehemu aliongeza mkono wa pili. Mkono huo ulikuwa wa jambo linalokukaa rohoni, ungependa umuulize mtu. Kidole kikikunjika, usikitupe kitabu wala usikibebe peke yako, njoo tukisome wote.

Alimwambia binti yake habari ya mkono wa pili, binti akarudi kusimama mlangoni kwa baba yake. Ikapita miezi minane. Mama alikonda. Aliniambia anaogopa ameua kusoma kwa mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe, na jioni alipanga vitabu vya watoto wa watu macho yamevimba.

Jumamosi moja binti aliingia maktaba, akatoa kitabu cha kijani kuhusu bata aliyegoma kuogelea, akajibanza chini ya meza. Karani mmoja akanong'ona, "Huyu si wa nyekundu? Mbona anarudi nyuma?"

"Mwacheni," Bi Kipimo akasema. "Anapumzika."

Baadaye mtoto akatoka, ameinua mkono. "Mama, nina kidole kimoja."

"Cha maneno?"

"Hapana. Cha mkono ule."

"Haya, mwanangu. Kaa."

Hapo ndipo alipoanza tena. Vipimo marehemu hakuvitupa, alisema mtoto mwepesi akipewa vyepesi tu atachoka. Ila ndani ya kila jalada, chini ya namba, aliandika kwa penseli: "Kuna msiba." "Kuna vita ila mwisho mwema." "Muulize kwanza."

Figo zilianza kumsumbua Januari 2021. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila kulalamika sana. Tarehe 11 Februari 2023 alilazwa, na binti yake akawa anamsomea kila siku. Alituacha Alhamisi, tarehe 2 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Walikuwa ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Ameacha mtoto wa kiume na binti ambaye leo ni fundi saa katika chumba kile kile cha baba yake, wajukuu wanne na mimi kaka yake. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Pale maktaba kadi ya msomaji hugongwa muhuri kitabu kikiisha. Nimemuuliza binti, nimemuuliza mkuu wa maktaba, kila mmoja amenishika bega tu: mtu akiondoka kitabu kikiwa katikati, nacho kinahesabiwa?