Kipindi cha Michezo Ndani ya Ukungu

Ofisi ya walimu inautangazia umma, kwa uzito wote unaostahili, kwamba kuanzia tarehe 30 Juni mwaka huu itaruhusiwa kuegemea ukuta wakati wa paredi ya asubuhi. Aliyekuwa akitukataza anaondoka. Mwalimu Apolonia Kalinga anastaafu siku hiyo baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha michezo, na migongo yetu haijui icheke au ilie.

Alianzia Igawa, kwenye joto na vumbi la barabara kuu, akikimbiza watoto alfajiri kabla jua halijakasirika. Kisha akahamia kwetu Igowole, ambako jua lenyewe huomba ruhusa kutoka. Mipira ya dukani haikutosha, akashona ya matambara. Kijiti cha kupokezana kikawa gunzi la hindi, magoli yakawa mafungu ya masweta. Kwa vifaa hivyo timu yake ya netiboli ilifika mashindano ya mkoa, ikafungwa vibaya, ikarudi ikiimba. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Sedekia, alikuja kuuliza matokeo akiwa amekwisha kuagiza soda za ushindi. Zilinyweka hivyo hivyo.

Mimi ninayeandika nafundisha Hisabati, na tumbo langu huingia darasani kabla yangu. Kila aliponikuta nimekaa, Mwalimu Apolonia alinihurumia: "Mwalimu, hata hicho kiti nacho kinahitaji kupumzika."

Lakini ufundi wake hasa uko kwenye ukungu. Huku kwetu kuna asubuhi ambazo huoni mkono wako mwenyewe. Yeye aliweka sheria moja tu: anayekimbia aimbe. Akisimama katikati ya uwanja alijua kwa sikio nani amechoka, nani anakata kona, nani ameanguka. Sauti ikikatika, wote husimama na kuita mpaka mwenzao aitike.

Mwaka juzi kipindi hicho cha michezo kilitaka kufa. Kamati ya shule ilisema muda wa kurukaruka uwe wa mazoezi ya mtihani. Ikakubaliwa mthibiti ubora wa shule, Bwana Joachim, aje akitazame. Akiona hakina faida, kifutwe. Wiki ile Mwalimu Apolonia alikonda. Hofu yake ilikuwa kwa watoto kama Tumpe wa darasa la tatu, ambaye darasani hakufungua mdomo, ila uwanjani ndiye aliyeongoza nyimbo.

Siku ikafika, na ukungu nao ukafika.

Tunavyowasimulia wageni, Bwana Joachim alivua koti, akakimbia na watoto, Tumpe akampita mara mbili, naye akasifu hadi machozi. Hadithi tamu, na chumvi nyingine niliitia mimi. Leo, kwa heshima ya mstaafu, nawapeni ilivyokuwa.

Hakukimbia. Alikaa pembeni, hakuona kitu, akainuka ili asogee karibu, akapotea. Ndani ya uwanja wa shule! Mtu mzima na tai yake, akaona aibu kuita, akaendelea kutembea. Mwalimu Apolonia akasikia viatu vya ngozi vinazunguka bila wimbo. Akapuliza filimbi, watoto wakasimama.

"Mgeni, imba tukupate!" akaita Tumpe.

Viatu vikazidi kuzunguka.

"Usione haya, hata Mwalimu wa Hisabati huwa anapotea!" akaongeza Tumpe.

Ndipo ikatoka besi nzito ya kwaya, inatetemeka kwa baridi, ikiitikia mchakamchaka. Watoto wakacheka, wakashikana mikono, wakaifuata ile sauti mpaka wakalikamata koti.

Bwana Joachim alirudi ofisini na matope magotini. Hakusifu chochote. Alikunywa chai, kisha akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba hawezi kusema amekiona kipindi, maana hakukiona.

"Ila nilipopotea, nilitafutwa," akasema. "Kiacheni."

Kikabaki. Kuanzia Julai nitakiongoza mimi, kwa sababu kila mwalimu mwingine alikuwa na udhuru mzuri kuliko wangu. Nimeanza mazoezi ya kuimba. Ya kukimbia bado.

Asante sana, Mwalimu Apolonia. Tunakuombea afya njema, amani nyumbani, na uzee usiokuharakisha.