Mokete Sehlabo na Kura Aliyompa Rafiki Yake

Kaka yangu Mokete Sehlabo, tunayemlaza leo, alizaliwa tarehe 9 Julai 1949 kijijini Ha Lephoi, milimani Mokhotlong, theluji ikiwa imefunga njia. Mkunga alifika siku ya pili.

Alichunga kondoo hadi miaka kumi, kisha akaanza shule ya misheni, akakaa benchi moja na Lebusa Makhetha. Alihitimu ualimu mwaka 1971. Alipooa mwaka 1974, mshenga wake alikuwa Lebusa huyo huyo, aliyewabembeleza wakwe hadi wakapunguza ng'ombe wanne wa mahari.

Waliingia bungeni pamoja mwaka 1998. Lebusa alipopata uwaziri mkuu alimfanya kaka waziri, na alikiahidi chama miaka mitano tu. Wa saba ulipoingia bado yupo, kaka alimwendea faraghani mara tatu. Hakusikilizwa, akachukua fomu kugombea naye uongozi wa chama.

Wajumbe mia moja na ishirini walipiga kura ya siri Maseru, tarehe 14 Machi 2009. Lebusa alipata 61, kaka 59. Jioni kaka alitueleza kwamba alimpigia mwenzake. Kwetu mtu hajipakulii kwanza, akasema. Angejipigia, wangetoka sare na kura ingerudiwa. Nilimwita mjinga mbele ya watoto wake, na hilo ninalijutia.

Alivuliwa uwaziri, akarudi kufuga mbuzi. Cheo hakikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka kumi na minne Lebusa hakumsalimu hata msibani.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa. Tarehe 3 Juni mwaka huu, 2023, Lebusa aliingia na mkongojo wake, akaketi kitandani pa kaka.

"Mimi nilikupigia wewe," kaka alimwambia.

"Nilijua siku ile ile. Watu wangu, pamoja na mimi mwenyewe, walikuwa sitini, nami nikapata sitini na moja. Nikaona haya kukutazama usoni."

"Haya gani hizo za miaka kumi na minne, Lebusa? Si ungekuja tu, tukala."

Lebusa alivua blanketi alilojitanda mabegani, akamfunika. Kaka alifariki akiwa nalo, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Lineo, watoto watatu, wajukuu saba, rafiki yake Lebusa Makhetha, aliyeomba aandikwe wa mwisho, na mimi, dada yake Nthati, niliyemtanguliza Lebusa kama kaka angefanya.

Pumzika sasa, Mokete. Sisi tutapakuliana.